Vitabu Vilivyopokewa kwa Vigelegele

Katika Buganda ya miaka ya 1880, watu waliokwenda kwa wamisionari kufundishwa dini waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kitenzi chenyewe, okusoma, kilibeba maana mbili kwa pamoja: kusoma kitabu na kumwabudu Mungu. Aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza kushika herufi. Nasi walimu wa Kiswahili hupenda kukumbusha jambo ambalo wengine hawapendi kukumbushwa, kwamba maandiko ya kwanza waliyosomeshwa wasomaji hao hayakuwa ya Kiganda. Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alianza kufundisha kwa tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Unguja, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kazi ya George Pilkington na mwenzake Henry Wright Duta Kitakule. Ikapata hata toleo dogo nene, lililopimwa liingie katika kopo la biskuti, ili mchwa wasipate njia.

Nimeanza na habari hizi za kale kwa sababu bila hizo sherehe niliyoiona mashariki mwa Uganda, si mbali na mji wa Tororo, yaweza kuonekana kuwa kichekesho. Kasisi mmoja mstaafu wa ng'ambo, akiona uzee umemkalia, aliamua maktaba yake yote ipelekwe mahali itakapohitajiwa. Ikaangukia kanisa moja la Kianglikana la huko. Lori halikuweza kuingia, maana mvua ilikuwa imekata njia. Basi makasha yakafunguliwa barabarani, na akina mama wakavibeba vitabu vichwani, wakivifunika kwa kanga, huku wanakwaya wakiwatangulia na ngoma. Kila kasha lilipoingia kanisani vigelegele vilipanda. Mbuzi alichinjwa. Wazee walivikagua vitabu kimoja kimoja, wakavipapasa majalada, wakavinusa.

Na vitabu vyenyewe vilikuwa vya namna gani? Kamusi za Kigiriki na Kiebrania. Fafanuzi za Biblia, baadhi zikiwa nene kama tofali. Historia ya Kanisa. Na safu ndefu ya maandishi ya mababa wa karne za mwanzo. Vyote kwa Kiingereza, isipokuwa vichache vya Kijerumani na Kilatini. Hapakuwa na hata kimoja cha Kiswahili, wala cha Kidhopadhola, wala cha Kiteso, wala cha Kisamia, na hizo ndizo lugha za watu waliokuwa wakicheza ngoma.

Mgeni mmoja aliyeketi karibu nami aliliona hilo, akacheka chinichini: watu wanashangilia wasichoweza kukisoma! Sikukubaliana naye, wala sikubaliani naye leo. Wale akina mama walijua vizuri kuliko yeye kwamba vitabu hivyo ni vigumu. Wao ndio waliovibeba. Walichokuwa wakishangilia ni kwamba mtu wa mbali amewahesabu kuwa wasomaji, si watu wa kugawiwa vijitabu vya kurasa nane vyenye picha. Heshima ya namna hiyo haiji kila mwaka.

Lakini mzee mmoja wa kanisa aliuliza swali ambalo halikuweza kuondolewa kwa ngoma. Alinivuta kando akasema: "Mwalimu, tumeshukuru. Sasa tuambie, vitabu hivi vitazungumza nasi kwa lugha gani?"

Swali hilo lina historia yake katika nchi hii. Mackay alitumaini kwamba Kiswahili kingekuwa lugha moja ya kuwaunganisha watu wa Afrika ya Kati. Askofu Alfred Tucker, katika kitabu alichokitoa mwaka 1908, aliikubali haja ya lugha moja lakini akaomba Mungu apishe mbali isiwe Kiswahili, kwa kuwa alikiona kimefungamana mno na Uislamu. Mawazo ya Tucker yalishinda kwa muda mrefu. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, ila katika makanisa mengi bado kinabishwa hodi mlangoni. Pale Tororo, hata hivyo, hakuna lugha nyingine ambayo Mjopadhola, Mteso na Msamia wanaweza kukaa nayo kwenye benchi moja.

Niliombwa niandike maelezo mafupi ya kila kitabu kwa Kiswahili, na katika kazi hiyo nikakutana na jambo la ajabu. Katika safu ile ya mababa, majina mengi ni ya watu wa bara letu: Origen wa Alexandria, Tertullian na Cyprian wa Carthage, na Augustine, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria. Possidius, aliyeandika maisha ya Augustine, asema kwamba alipofariki mwaka 430, mji wake wa Hippo ukiwa umezingirwa na Wavandali, hakuacha wasia wa mali kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu kwamba maktaba ya kanisa na vitabu vyake vitunzwe kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Mzee yule nilipomsomea maneno hayo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mchwa walikuwako Hippo.

Siku hizi watu hukutana jioni mara moja kwa juma. Mmoja husoma Kiingereza, mwingine hufasiri. Tulianza na ufafanuzi wa Injili ya Yohana, na mwandishi wake alijaza kurasa nyingi akijitahidi kuonyesha kwamba lile neno la Kigiriki, logos, si tamko la mdomo tu, bali pia ni hoja, sababu na shauri. Nilitazamia shida. Mama mmoja muuza samaki akasema hakuona ugumu wowote: mtu akija kwako usiku wa manane humwuliza, "Una neno gani?", wala huulizi herufi zake, waulizia jambo lililomtoa nyumbani. Ndivyo na huyu aliyekuja kwetu.

Mfasiri alifunga kitabu kwa muda, maana kila mtu alitaka kusema. Aya ile moja ilitushika jioni tatu.