Bonde la Mto Tana na Shauku ya Kurejea



Sisi watu wa mwambao tumekulia kando ya maji tusiyoweza kuyanywa. Ndiyo maana ziara zetu za bonde la Mto Tana zimetukaa moyoni. Tulikuwa tukifika Garsen, tukapita Witu hadi Kipini, kisha tukapanda mashua kuufuata mto mpaka Ozi. Huku miembe, huku migomba, na mamba wamejianika ukingoni. Wenyeji wetu Wapokomo walitukirimu kwa wali wa mpunga wao na samaki wa mtoni, tukaswali nao jamaa. Maji ya udhu tuliyateka kwa kiasi, kwani tumefundishwa tangu chuoni kwamba israfu haifai hata penye mto upitao.

Lililotustaajabisha zaidi ni mashamba. Bahari inapojaa, huyarudisha nyuma maji matamu ya mto, yakapanda mifereji na kuunywesha mpunga. Mkulima hana pampu. Ana jembe lake na elimu ya kujaa na kupwa. Hapo tuliyakumbuka tuliyosomeshwa katika Surat Al-Furqan juu ya bahari mbili, tamu na ya chumvi, na kizuizi kilichowekwa baina yake.

Lakini mizani hiyo ni nyembamba. Mto ukipungua, chumvi ndiyo ipandayo; mpunga hufa, na miembe ya mababu hunyauka. Huko juu mto una mabwawa matano yanayozalisha umeme, kubwa lao Masinga, lililokamilika 1981. Taa anayosomea mwanetu msahafu mjini ina fungu lake katika mto huo. Basi mkulima wa Ozi ana haki kwetu, walau ya kujuliwa hali.

Kwa hiyo twatamani kurejea, na safari hii tusiende peke yetu. Mtoto wa mjini akisomeshwa aya za mito ya Peponi, huwaza bomba la uani. Mama akijaaliwa nauli wakati wa likizo, na ampeleke mwanawe akauone mto, aonje maji yake, awaamkie wazee wanaoulinda. Udugu huungwa kwa miguu. Nasi tukijaaliwa uhai, tutakuwa katika msafara huo, inshaallah.