Gazeti Likikosea, Liulizwe

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni daftari za ubatizo na za ndoa. Nikiandika jina la mtoto vibaya leo, baada ya miaka ishirini atarudi na cheti chake kunidai. Nisikilizeni basi niwaambie jambo lililotupata mwaka jana.

Vijana wa vigango vyetu wana kundi lao la WhatsApp. Humo huulizana maswali ya mtihani wa kidato cha nne na kupashana bei ya maharage mnadani. Usiku mmoja mtu wasiyemjua aliingia, akatia picha chafu. Kiongozi wa kundi akaifuta, akamtoa yule mtu kabla ya saa nne. Majuma mawili baadaye gazeti moja likaandika kwamba vijana wa kata yetu wana kundi la ufuska. Mwandishi hakumwuliza kijana hata mmoja. Na mimi, naungama, ndimi niliyewasomea wazee habari ile barazani pa ofisi, huku nikitikisa kichwa. Jioni ile ile baba mmoja alimnyang'anya binti yake simu, akamkataza na masomo ya jioni. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Msidhani kosa hili ni la magazeti yetu peke yake. Tarehe 3 Julai 1995 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba asilimia 83.5 ya picha katika mabaraza ya kompyuta yaliyoitwa Usenet zilikuwa chafu. Lilitegemea utafiti wa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Pittsburgh. Seneta mmoja akaitaja habari hiyo mbele ya Seneti. Lakini wenyeji wa mitandao hawakunyamaza. Katika baraza moja liitwalo The WELL, lililoanzishwa California mwaka 1985, watu waliuchambua utafiti ule, na mwandishi wa Time mwenyewe alikuwamo akiyasikia maneno yao. Walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nao wakaonyesha makosa. Kumbe sehemu kubwa ya hesabu ilitoka katika vituo vilivyouza picha hizo kwa watu wazima! Ni kama mtu aende kilabuni kuhesabu walevi, kisha aandike kwamba kijiji kizima kimelewa. Tarehe 24 Julai Time likaandika tena: picha hizo zilikuwa kama asilimia 3 tu ya ujumbe wote wa Usenet. Asilimia 83.5 ya nini, na 3 ya nini? Swali hilo dogo mtu yeyote wa kijijini aweza kuliuliza.

Basi nami nikashika kalamu. Nilimwomba kiongozi wa kundi anionyeshe ujumbe wa usiku ule, nikanakili saa ilipoingia picha na saa ilipofutwa, nikamwandikia mhariri. Sikuficha kwamba picha ilikuwako. Barua ya kwanza haikujibiwa. Katika ya pili nilisema kwamba nitapeleka shauri letu kwa Baraza la Habari Tanzania, ambalo hupokea malalamiko juu ya magazeti. Ndipo yakatoka masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya habari za mpira. Habari ya kwanza ilikuwa imejaza nusu ukurasa.

Niliyakata nikayabandika ubaoni, karibu na matangazo ya ndoa, nikawasomea wazee pale pale barazani. Yule baba akaja, akayasoma mara mbili mwenyewe.

"Na ile ya kwanza, Karani," akaniuliza, "mbona ulitusomea bila kuuliza?"

Sikuwa na jibu. Binti alirudishiwa simu yake siku ile, lakini mtihani ulikuwa umekwisha kupita.