Karatasi moja, majina sita

Nilipoanza kuchapa fulana nyumbani, kila jina lilikula karatasi nzima ya A4. Faida ikaishia kwenye karatasi, na ada ya kijana wangu mkubwa ilikuwa inanisubiri.

Siku moja mdogo wake, wa darasa la sita, akachukua rula. "Mama, karatasi ina sentimita 21 kwa 29.7. Majina sita yanaenea, tukiacha nafasi ya kupitisha mkasi."

Tukayapanga kwenye kompyuta, tukayageuza kama yaonekanavyo kwenye kioo, maana fulana zilikuwa nyeupe. Tukajaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Yote yakatoka sawa.

Ada nililipa kwa awamu mbili. Mzazi mwenzangu, kabla hujamfukuza mtoto mezani pa kazi, msikilize.