Ukuta Unaokunywa Maji

Tulinunua nyumba mwezi Julai, na nadhani hapo ndipo tulipokosea kabla ya fundi yeyote kukosea. Julai ya Dar es Salaam ni mwongo. Upepo wa kusi unavuma, jua limepoa, kila ukuta ni mkavu na hakuna paa linalovuja, kwa sababu halijapata mvua ya kulivujisha. Tulivuka na pantoni Jumamosi moja, mume wangu, mama yangu na mimi, tukaenda kuoneshwa nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kibada, Kigamboni. Rangi ilikuwa bado inanuka. Dari la jipsamu lilikuwa na taa zilizozamishwa ndani, makabati ya jikoni yana vishikio vya kung'aa. Nilifungua kila kabati. Sikufungua hata chemba moja ya maji taka.

Kijana aliyeijenga ili aiuze alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukubali. Kila tulichouliza alijibu, "Hilo dogo, mama." Tukaandikishana kwa wakili, tukamaliza kulipa fedha yote siku ya kupokea funguo, kwa kuwa alisema kuna wateja wengine wawili wanapiga simu. Mume wangu akarudi Mtwara kazini. Nikabaki na mama, nyumba mpya, na kochi lililokuwa kubwa kuliko sebule.

Vuli ilipoanza Novemba, nilikuwa nafagia nyuma ya lile kochi nikaona rangi imetuna kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nikaibonyeza kwa kidole. Ikapasuka, na ndani yake ukatoka unga mweupe. Baada ya wiki mbili ukuta mzima wa sebule ulikuwa na mstari wa unyevu, urefu wa goti, umenyooka kama umepigwa kamba.

Nikampigia. "Usijali mama, nyumba mpya zinapumua," akasema, na nakiri maneno hayo yalinituliza siku nzima. Akaleta vijana wawili wenye msasa na ndoo ya rangi. Walikwangua, wakapaka, wakaondoka. Sebule ikawa mpya kwa siku kumi na nane. Mstari uliporudi walikuja tena, safari hii na rangi ya mafuta, iliyong'aa kama sufuria. Hii ilidumu zaidi kidogo, lakini unyevu uliporudi haukuishia tena gotini. Ulifika katikati ya paja. Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Ukuta wenye maji hukauka kwa kuyatoa hewani. Ukiufunika kwa rangi isiyopitisha hewa, maji hayaondoki, yanatafuta njia ya juu.

Tuna methali ya ufa na ukuta ambayo kila mtoto wa shule anaijua, na mimi niliyefundisha miaka ishirini na sita nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Inatuhimiza kuziba. Haisemi kwamba kuna ufa usiopaswa kuzibwa mpaka ujulikane umetoka wapi. Sisi tuliziba mara mbili, kwa bidii, na kila mara tulikuwa tunamziba macho daktari.

Nilichokifanya baada ya hapo hakinipendezi kukieleza. Nilianza kukusanya makosa ya yule kijana kama mtoto anayekusanya vizibo vya soda. Maji ya bafuni yanaelekea mlangoni badala ya kwenye tundu lake. Mlango wa stoo unakwaruza sakafu. Soketi ya jikoni imekaa upande, na ukichomeka birika inalia. Yote yalikuwa kweli, ila sikuyaandika popote. Niliyabeba kichwani na kuyamwaga kwa sauti za WhatsApp, dakika nne nne, saa tano usiku. Asipojibu, niliyasimulia kwenye vikoba, kwa majirani, kwa shemeji yangu aliye Morogoro. Kila nilipokisimulia kisa, mstari uliongezeka urefu. Nadhani kwa shemeji ulikuwa umeshafika dirishani. Na yule kijana alipochoka akaanza kunijibu kwa swali moja: "Baba atakuja lini tuongee?" Hapo moto ukawaka kabisa. Nikaapa kwamba baba hatakuja, na kwamba ataongea na mimi mpaka aone haya.

Ona neno hilo. Nilitaka aone haya. Ukuta ulikuwa umeshapotea katika hesabu.

Mwanzoni mwa Januari jirani aliita mzee mmoja mwashi kumzibulia chemba. Mzee alipomaliza nikamwomba anitazamie ukuta wangu. Nilidhani ataingia sebuleni. Hakuingia. Alizunguka nje, akasimama nyuma ya ukuta wenyewe, akatazama chini kwa muda, kisha akaniomba kijiko. Kijiko cha kulia. Akachokonoa mchanga kati ya pevingi mbili zilizogusana na ukuta, akapima kwa kidole kutoka juu ya pevingi hadi usawa wa sakafu ya ndani. Vikafika vidole viwili.

"Mama, nani aliinua uwanja?"

Akanieleza huku amechuchumaa. Nyumba inapojengwa, juu ya msingi, kabla ya kupandisha tofali za ukuta, hutandikwa karatasi nyeusi ya nailoni ambayo mafundi wanaiita dipisii. Kazi yake ni moja: tofali hunyonya maji kama sponji, hivyo maji ya ardhini yakifika kwenye nailoni yanakwama. Lakini nailoni inazuia kinachotoka chini yake tu. Ardhi ya nje inatakiwa ibaki chini yake, walau sentimeta 15, ili hata mvua ikipiga chini na kurusha matone yasiivuke. Mtu akiinua uwanja kwa mchanga na pevingi mpaka ukaribie sakafu, maji ya mvua yanatuama ubavuni mwa ukuta, yanaingia lipu ya nje, yanairuka nailoni bila hata kuigusa. Ule unga mweupe ni chumvi inayoachwa na maji yanapokauka. Alichukua chembe akaionja, akatema, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Nani aliinua uwanja?" akarudia.

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, na lilikuwa jina la yule kijana. Halikutoka. Kwa sababu hapohapo nilijiona, Julai ile, nimesimama barazani na mama yangu ameshika mkongojo wake, namwambia kijana: uwanja huu upandishe kidogo ulingane na baraza, ili bibi asiwe anashuka na kupanda. Na yeye akasema, "Hilo dogo, mama."

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwamba kosa lilihama kwake likaja kwangu lote. Yeye ndiye aliyejua au aliyepaswa kujua. Mteja akiomba jambo litakaloharibu ukuta, fundi anapaswa kusema hapana, au aseme ndiyo kwa namna nyingine. Mimi niliomba bila kujua. Yeye alikubali ili asinipoteze. Lakini miezi miwili mizima nilikuwa namtafuta mtu mmoja wa kumvisha aibu, na ukuta ukaendelea kunywa maji.

Asubuhi nilifanya kitu ambacho ningefanya Novemba kama ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe: nilisoma mkataba. Ukurasa wa tatu kulikuwa na sentensi moja, fupi, niliyoitia saini, kwamba muuzaji atarekebisha kasoro za ujenzi zitakazojitokeza ndani ya miezi sita tangu makabidhiano. Zilibaki siku kumi na moja. Wanaojenga barabara na shule za serikali wana jina la muda huo, kipindi cha matazamio, na mara nyingi sehemu ya malipo ya mkandarasi hubaki imeshikiliwa mpaka uishe. Kwetu sisi watu binafsi, kumshikia mtu fedha kidogo tunaona kama kumwambia simwamini. Na hali seremala wa kitanda tunampa kianzio, na ya kumalizia tunampa kitanda kikishasimama, wala hakuna anayenuna. Kwa nyumba nzima tulilipa yote siku ya funguo, kwa heshima.

Nikachukua daftari la shule na penseli. Nikaandika kila kasoro, mahali ilipo, siku nilipoiona. Bafuni sikuandika "bafu baya". Nilimwaga ndoo moja, nikasubiri, nikaandika maji yalipotuama na kina chake. Juu ya dirisha la chumba cha mama kulikuwa na ufa mwembamba unaopanda kimshazari, na mzee mwashi alinifundisha kuweka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na tarehe pembeni. Ukivuka alama, ita mhandisi. Usipovuka, huenda ni lipu tu iliyokaushwa haraka bila kumwagiliwa. Umeme nilimwachia fundi umeme. Soketi inayolia haihitaji daftari, inahitaji kuzimiwa swichi siku hiyohiyo.

Niseme hapa, nisije nikaeleweka vibaya: zipo kasoro za kuongelea kwenye chai, na zipo za kuhama usiku uleule. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine lilianguka watu wakiwa madukani. Nguzo ikipasuka, boriti ikipinda, ufa ukawa unapanuka wiki kwa wiki, hapo hakuna uungwana wa kutunza. Ni mhandisi aliyesajiliwa, ni manispaa, na ni kutoka kwanza. Ukuta wangu haukuwa wa namna hiyo. Ulikuwa unatia kero, haukuwa unatisha, na mimi nilikuwa nimeupigania kama unaotaka kuniua.

Nikamtumia picha za daftari, pamoja na picha ya ukurasa wa tatu wa mkataba, na ujumbe wa mistari miwili: njoo Jumamosi, tuna siku kumi. Bila sauti, bila shemeji. Alijibu baada ya dakika tano.

Alikuja ameukunja uso, kama mtu anayekwenda baraza la usuluhishi. Mama akamkaribisha, akampa chai na kiazi kitamu. Nilimpeleka nje, nikamwonesha kijiko kikiwa bado kimesimama kwenye mchanga, nikamwambia, "Mwanangu, uwanja huu mimi ndiye niliyeomba uinuliwe." Alinyamaza. Kisha akasema, polepole, "Fundi wangu alinikataza, mama. Nikamwambia tuweke tu, mteja asije akaondoka."

Sijui kama angeyasema hayo iwapo ningeanza na "wewe". Najua kwamba kwa miezi miwili nilianza hivyo, na hakuyasema.

Tuliketi barazani tukagawana. Yeye alitoa mafundi, na bafu lote lilivunjwa na kuwekwa mteremko upya kwa gharama yake, kwa kuwa hilo sikuliomba. Kokoto nililipia mimi. Pevingi ziling'olewa kando ya ukuta wote, ukachimbwa mfereji wa upana wa futi moja na nusu, ukajazwa kokoto, na uwanja uliobaki ukashushwa. Mchanga wa Kigamboni hunywa maji haraka, kwa hiyo hatukuhitaji makubwa zaidi. Kwa ajili ya mama uliwekwa mteremko mdogo wa zege mlangoni tu, wenye mkono wa bomba wa kushikilia. Mama aliutazama, akatutazama sisi wawili, akasema, "Mimi ngazi moja napanda. Nani aliwaambia sipandi?"

Ugumu ulibaki ndani. Mzee mwashi, ambaye kijana alimwajiri kwa ushauri wangu, alibandua lipu yote ya ukuta wa sebule mpaka urefu wa mita moja, tofali zikabaki uchi, akakataza mtu kuupiga lipu wala rangi. Tofali la inchi sita, kwa hesabu yake, linataka mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi. Nikaona ni masihara. Wageni wakija wanauliza kama tunajenga au tunabomoa. Kijana naye hunipigia kila mwisho wa mwezi kuuliza hali ya ukuta, na zile siku kumi na moja zilikwisha zamani. Sijamkumbusha, naye hajanikumbusha. Mlango wa stoo bado unakwaruza. Umo kwenye daftari, namba saba, na sina haraka nao.

Masika ilikuja na nguvu zake zote. Aprili kulikuwa na siku tatu mfululizo ambazo pantoni ilikuwa haionekani kutoka ufukweni kwa mvua. Nilikaa sebuleni na taa nikiangalia tofali kama mtu anayemlinda mgonjwa. Kokoto zilimeza. Alama za penseli juu ya dirisha la mama ziko palepale, ufa haujazivuka.

Wiki iliyopita mzee alipita. Alivua viatu mlangoni, akaja akaweka kiganja chake kwenye tofali la tatu kutoka chini, akakiacha hapo muda mrefu, kama anavyopimwa mtoto homa.

"Bado," akasema. "Njoo tena Juni."

Nikamwambia ni yeye anayepaswa kuja, mimi naishi hapa. Akacheka, akaomba chai.