Pata Potea Ilipohamia Kwenye Simu

Magofu ya kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa, yana jumba la kifalme, misikiti mitano na nyumba za mawe zipatazo 33. Tangu 1981 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa vijana wa enzi za utoto wangu, kuta zile zilikuwa na kazi nyingine: nyuma yake ndiko walikojificha kucheza pata potea. Kamari ni haramu, kila mtu kisiwani alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kuicheza mbele ya wazee.

Msimu wake ulijulikana. Bamvua ikiingia, kina mama wakishuka mwambani kuchokoa pweza, na giza la mwezi likiwarudisha wavuvi wa dagaa na fedha mfukoni, sarafu zilianza kurushwa. Aliyeliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini aliyemla tulimjua jina, ukoo na chombo anachovulia. Namkumbuka bibi mmoja jirani yetu aliyemfuata mshindi mpaka pwani, mashua zikipakuliwa. "Mwanangu, hizo ni za unga wa wajukuu zangu. Zirudishe." Kijana aliinamisha kichwa, akazitoa zote, akasema, "Nisamehe, bibi." Hakuitwa mjumbe wala askari.

Baadaye, tukivuka kwenda Kilwa Masoko, tukaanza kuziona mashine za kamari ziitwazo dubwi kwenye vibanda, zikimeza sarafu za shilingi 200. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilikwisha kuunda Bodi ya kuisimamia, ikataka kila mchezeshaji awe na leseni na aliye chini ya miaka 18 asicheze. Kibandani, mtoto aliyetumwa chumvi hakuulizwa umri. Hata hivyo, kwa sisi wa visiwani bado kulikuwa na maji katikati: kulifikia dubwi kulihitaji chombo, nauli na sababu ya kuaga nyumbani.

Simu iliyaondoa maji hayo. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kufika 2017 michezo ya namba tatu ilikuwa ikitangazwa redioni na kwenye runinga: chagua tarakimu, lipa kwa simu, subiri droo. Hiyo ilikuwa na leseni. Nyuma yake wakapenya wasio nayo, wenye ujumbe wa "Hongera, umeshinda" na makundi ya WhatsApp yanayouza namba za uhakika. Ndugu yangu mmoja alichukua fedha za vikoba za mkewe, jasho la pweza, akalipa ada ya kutolewa zawadi. Akaambiwa bado kodi. Alipolipa kodi, namba ile ikazimwa. Hapo yule bibi angemfuata nani pwani?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Pata potea ilikuwa uovu, siipambi, lakini shilingi iliyoliwa ilibaki kisiwani, na aliyeila aliweza kuona haya. Sasa inaondoka usiku, mtu amelala kitandani mwake, na mke huja kujua siku ya kugawana fedha za kikundi.

Na hata palipo na leseni, hesabu haina huruma. Kuanzia 000 hadi 999 kuna namba 1,000. Mchezo ukiahidi kulipa mara 200, mwenye kununua namba zote kwa shilingi 500 kila moja atatoa 500,000 na kurudishiwa 100,000. Mvuvi anayenunua moja moja kila siku anaelekea kwenye hasara hiyohiyo, ila polepole, na kwa tapeli hata hiyo 100,000 haipo.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Songo Mnara, Pande na Kilwa nzima: ukiambiwa umeshinda mchezo ambao hukuucheza, usitume hata shilingi moja. Mwonyeshe mkeo au mzazi wako ujumbe huo siku hiyohiyo, kisha tuma namba ya tapeli kwenda 15040, bila malipo.