Tembo wa Juu ya Mlango

Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa hukata Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilometa 50. Siku tuliyopita, tembo walikuwa wakila majani hatua chache kutoka kwenye lami. Mikumi mjini tuliiacha lami, tukashika njia ya kaskazini, tukapita Ulaya na kuingia Kilosa.

Huko nilimkuta tembo mwingine. Yuko juu ya mlango wa duka la zamani, chini kidogo ya ukingo wa bati: umbo la chokaa lenye kichwa cha tembo na tumbo nene. Amepakwa rangi mara nyingi hata mkonga umegandana na kifua.

Ni Ganesha, mwondoa vikwazo. Wahindu humwomba kwanza kabla ya jambo lolote, iwe ndoa, safari au biashara mpya, ndiyo maana huwekwa mlangoni. Naelewa kwa nini mwenye duka alimtaka hapa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilifuatwa na wafanyabiashara wa Kigujarati waliofungua maduka stesheni hadi stesheni, Kilosa ikiwa mojawapo. Mtu aliyevuka bahari aje kuuza vitambaa na chumvi ugenini alikuwa na vikwazo tele vya kuombea.

Waislamu hawaweki sanamu. Wao huchonga maneno, kama aya za Kurani kwenye milango ya jumba la Beit al-Ajaib, Unguja. Milango hiyo ya pwani imeimbwa sana, na inastahili. Lakini nani ameandika habari za kuta za Kilosa?

Mwaka 1964 Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Mambo ya Kale, inayolinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Ganesha huyu si mbao. Jengo lake nalo, kwa kuwa ni la baada ya 1863, halina kinga mpaka litangazwe rasmi.

“Shikamoo mzee,” nilimwamkia aliyeketi barazani. Akaitikia, akanionyesha ufa mrefu uliozibwa kwa saruji. Hapo ndipo plasta inapobanduka: saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa. Halmashauri ipige picha za kuta hizi sasa, na fundi atakayeitwa kumtengeneza tembo huyu aje na chokaa.