Kima wa Spring Valley na mshahara wa Nyanya

Alhamisi ya juma lililopita stima ilipotea mtaani kwetu Buruburu, ugali ukiwa bado mekoni. Kitinda mimba wangu, aliye katika gredi ya 5, alikuwa mezani akifanya hesabu za shule. Hakulalamika wala hakuuliza kitu. Alifunga daftari lake polepole, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza uchunguzi, "Ni yule tumbili tena."

Sote tulicheka, hata msichana wetu wa kazi, ambaye kwa muda wa siku kumi hivi alikuwa hacheki na mtu. Jambo hilo nitalirudia baadaye.

Msomaji, huenda kisa cha tumbili umekisahau, kwa hivyo wacha nikukumbushe. Mnamo Juni 7, 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, stima ilipotea Kenya nzima. Mashine za kusaga zilinyamaza, kompyuta zikazimika, na naamini wako wanaume waliobaki kwenye viti vya vinyozi wakiwa wamenyolewa nusu kichwa. Baadaye kampuni ya KenGen ilitoa taarifa. Tumbili mmoja alikuwa amepanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikazimika, mitambo mingine ikalemewa, na megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo mmoja. Kuna waliongojea zaidi ya saa tatu kabla ya taa kuwaka. Kampuni ilieleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa ua wa umeme wa kuwazuia wanyama. Tumbili, bila shaka, hakuwa amesoma taarifa hiyo.

La ajabu zaidi ni kwamba hakufa. Maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS, walimchukua wakamtunza. Kwa siku kadhaa alikuwa mashuhuri kuliko wanasiasa, na magazeti ya ng'ambo yaliandika habari zake. Tangu hapo, nyumbani kwetu, kila kitu kinachoharibika bila kujulikana kimeharibiwa na tumbili. Kikombe kikivunjika, ni tumbili. Rimoti ya televisheni ikipotea, tumbili ameiketia.

Kifungua mimba wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo na hapendi kushindwa na mdogo wake, alitukumbusha kisa cha simba wa Meru. Hicho kilitokea Mei 2022. Wanakijiji waliona kichwa cha simba kikichungulia kichakani karibu na boma, wakawaita askari wa KWS mbio. Askari walipofika na kusogea kwa tahadhari, walimkuta simba ametulia tuli. Alikuwa ni mfuko wa kwenda nao dukani, ule wenye picha ya simba upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na miche. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, sote tunabeba mifuko ya kila aina, na sikuwahi kufikiria kwamba mmoja unaweza kukimbiza kijiji.

Tulicheka hadi mshumaa ukayumba. Mama yangu, ambaye watoto humwita Nyanya na ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Murang'a, hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni na leso yake mabegani.

"Nyinyi mnacheka tumbili aliyezima stima saa tatu," akasema. "Mimi kima alinila mshahara miezi mitatu."

Kimya kikatanda. Nikasogeza kiti.

Yapasa nieleze kwamba kuanzia mwaka wa 1979 hadi 1988 mama alikuwa yaya na mpishi katika nyumba moja kule Spring Valley. Sisi watoto tuliishi kwa bibi yetu mashambani, na mama tulimwona mwisho wa mwezi, akishuka kwenye basi na mkate, sukari na majani ya chai. Kuhusu kazi yenyewe hakutuambia mengi. Nilijua tu kwamba nyumba ilikuwa na vyumba vingi na kwamba yeye alilala katika kijumba kilichokuwa nyuma, karibu na kamba za kuanikia nguo.

Basi usiku huo alitusimulia. Mwaka wa 1985, vitu vilianza kupotea jikoni. Leo ndizi mbili, kesho nusu mkate, siku nyingine mayai. Mwenye nyumba alikuwa na daftari dogo. Kila kilichopotea kiliandikwa humo, na mwisho wa mwezi hesabu ikakatwa kwenye mshahara. Mama alipokana, aliambiwa kwamba jikoni waliingia watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa mwenye nyumba. Ikawa hivyo mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Kisha siku moja mtoto wa nyumba hiyo, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alikuja mbio akipiga kelele kwa furaha. Alikuwa amemwona kima mkubwa, mwenye manyoya meupe shingoni, akitoka dirishani na mkate chini ya kwapa kama karani anayeenda kazini. Kesho yake fundi aliitwa, akapigilia waya dirishani.

"Na pesa zako, Nyanya?" kitinda mimba akauliza.

"Waya ilipigiliwa," mama akajibu. "Basi."

Kisha akanigeukia. "Wewe unakumbuka zile wiki mbili ulizofukuzwa shule?"

Nilikumbuka vizuri. Mwaka huo wa 1985 ndio mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, na wazazi waliombwa michango ya kujenga karakana za masomo ya ufundi. Mimi nilikuwa darasa la 5. Mchango wetu ulichelewa, nikarudishwa nyumbani, nikachunga mbuzi wiki mbili huku wenzangu wakisoma. Kwa miaka 40 nimekuwa nikidhani mama alisahau. Sikuwahi kumwambia, lakini nilidhani hivyo.

Stima ilirudi. Watoto walishangilia. Mimi sikujua la kusema, nikaenda jikoni kutazama ugali.

Jumamosi tulifunga safari. Mama alisema angependa kuona kama lile dirisha lipo bado. Tukapanda matatu namba 58 hadi mjini, tukatembea, tukapanda nyingine ya kuelekea Westlands. Mama alikuwa kando ya dirisha akitaja mambo kama mwalimu wa historia. Alipoiona barabara kuu ya juu iliyobebwa na nguzo, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo iliyofunguliwa mwaka wa 2022, aliuliza ni nani atakayekuwa akiifagia. Tulipofika Sarit Centre alifurahi. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1983, naye alikuwa Spring Valley wakati huo. Siku za Jumapili mchana, saa zake za mapumziko, yeye na mayaya wenzake walikuwa wakija kuzunguka ndani na kutazama vitu bila kununua. "Kutazama hakukatwi mshahara," akasema.

Kutoka hapo twafuata Barabara ya Lower Kabete. Ukitoka Eastlands kama sisi, jambo la kwanza unaloliona ni miti. Kelele za matatu zinapungua, hewa inapoa, na ua wa michongoma unafunika kila kitu. Nyumba huzioni. Unaona malango, waya za umeme na vibao vya kuonya kuhusu mbwa. Jina Spring Valley maana yake ni Bonde la Chemchemi, na hapo karibu kuna barabara iitwayo Peponi. Kitinda mimba alitaka kujua kama mtu akifika Peponi anaruhusiwa kurudi Buruburu jioni.

Zamani upande huu wa Kabete ulikuwa ardhi ya Wakikuyu, kisha ukawa wa Wazungu na mashamba yao ya kahawa. Katika Nairobi ya ukoloni kila rangi ilikuwa na upande wake: Wazungu huku magharibi kwenye vilima na baridi, Wahindi Parklands na Ngara, na Waafrika Eastlands, wakiwa na kipande shingoni. Mwafrika aliyelala huku alilala nyuma ya nyumba, kwa sababu ya kazi. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 wenye nyumba walibadilika, wakawa wa kila rangi. Kile kijumba cha nyuma hakikubadilika sana.

Na kima nao walibaki. Msitu wa Karura haupo mbali, na sehemu yake iitwayo Sigiria inakaribia mitaa hii. Msitu huo wa hekta zaidi ya 1,000 ulinusurika chupuchupu. Mwezi wa Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti humo, ardhi yake ikiwa imegawiwa wastawishaji. Leo watu hutembea humo na watoto wao, na hata mbega, wale weusi wenye mikia mieupe mirefu, wamehamishiwa humo kutoka Kipipiri. Kima hawakuhitaji kuhamishwa. Wao wanajua njia zote, na ua wa mtu kwao ni ngazi tu.

Tulitembea hadi mama akasimama. "Ni hapa," akasema.

Nyumba haikuwapo. Mahali pake palikuwa na fleti za ghorofa nyingi, zenye vioo na roshani. Mama aliangalia juu, akaangalia chini, akauonyesha mparachichi mkubwa uliobaki karibu na ukuta. "Kamba za nguo zilikuwa pale," akasema.

Bawabu alitoka kwenye kibanda chake akatuuliza tunakwenda kwa nani, nyumba namba ngapi. Nilianza kujieleza kwa Kiingereza, kama tufanyavyo tukiwa na wasiwasi. Mama akanikatiza.

"Kijana, mimi nilikaa hapa kabla hujazaliwa. Nimekuja kusalimia mti."

Bawabu alimtazama, akavua kofia. "Karibu, mama," akasema. "Ndani siwezi kuwaingiza bila idhini, watanifuta kazi. Lakini simameni hapa kivulini." Akamtolea mama kiti chake.

Haikupita dakika tano, matawi yakatikisika. Kima alishuka, akakaa juu ya ukuta, akatutazama kama mwenye nyumba anayewatazama wageni wasioalikwa. Manyoya ya shingo yalikuwa meupe kabisa.

"Nyanya, huyo!" kitinda mimba akapiga kelele. "Mwambie arudishe pesa!"

Tulicheka, na bawabu akacheka pia. Alisema hawa kima ni shida. Hupenya roshani, hufungua madirisha, na yeye mwenyewe amekwisha kunyang'anywa chapati mara mbili akiwa amezikamata mkononi.

"Na wapangaji wakipoteza kitu?" mama akamwuliza.

Bawabu akatabasamu kidogo. "Wananiuliza mimi kwanza, mama. Mimi na wale mama wa kufua nguo."

Mama hakusema kitu. Aliniangalia mimi tu.

Sasa narudi kwa lile jambo nililoliacha. Siku kumi kabla ya stima kupotea, shilingi 500 nilizoweka juu ya friji hazikuonekana. Katika nyumba yenye watu sita, mtu wa kwanza niliyemwuliza ni msichana wa kazi. Sikumwuliza, kusema kweli. Nilimwambia. Mama watoto alinikanya nipunguze sauti, lakini nilikwisha kutangaza kwamba mwisho wa mwezi tutafanya hesabu. Mama alikuwa sebuleni siku hiyo, akifuma. Nilidhani hasikii.

Mtu hukaa na daftari la mwenzake miaka 40 bila kulisamehe, kumbe lake ameshalifungua. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 imetaja makato yanayoruhusiwa, na hasara haikatwi hadi iwe imesababishwa na mfanyakazi kwa makusudi. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuitoa sheria hiyo kabatini kwa ajili ya mtu anayetupikia? Pale Gitaru angalau tumbili alionekana. Kule Meru angalau walikwenda kutazama kama ni simba. Mimi sikwenda kutazama kitu.

Tulirudi jioni, watoto wakilala juu ya mabega yetu ndani ya matatu. Mama alikuwa ameokota parachichi moja lililoanguka nje ya ukuta, akaliweka kwenye mfuko wake. Nilipofika nyumbani nilikwenda jikoni. Msichana alikuwa akichambua sukuma wiki, na aliponiona alisimama wima, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba mshahara wake utatoka wote, na kwamba namwomba msamaha. Sikuwa na maneno mengine. Alisema, "Sawa, baba," akaendelea na mboga. Baadaye nilimsikia akiimba kidogo, lakini siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu yangu.

Zile shilingi 500 hazijaonekana hadi leo. Kitinda mimba anasema anamjua aliyezichukua, na kwamba ana mkia.

Mama alirudi Murang'a Jumatatu. Mbegu ya lile parachichi ameifunga kwenye karatasi ya gazeti, na anasema ataipanda kando ya jikoni. Nilimwuliza kama haogopi kima.

"Waje," akasema. "Hapo ni kwangu. Wakila, nitajua ni nani aliyekula."